Siku 44 za mtu wa Butiama, na miezi kumi ya Kawawa tuliyoisahau

Nimepotea kidogo. Wiki mbili hizi testi zimetukalia kooni, bumu limechelewa kama kawaida yake, na mtu mwenye njaa haandiki, anasoma tu ya wenzake. Leo nimepumua, na kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne, acha nilitue.

Jumanne jioni tulikuwa kwenye vimbweta, watu kama saba hivi, desa ziko mezani ila hakuna anayezigusa. Utani ukaanzia kwa yule mama wa Uingereza, Liz Truss, aliyeteuliwa Waziri Mkuu tarehe 6 Septemba 2022 na kutangaza kuachia ngazi tarehe 20 Oktoba. Siku 44. Akamalizia nyingine tano za kumsubiri mrithi, akaondoka. Mshkaji mmoja wa Bunda (wanaomjua wanajua sauti yake) akasema kwetu huku mambo hayo hayawezekani, Waziri Mkuu wa Kiafrika hawezi kuachia kiti ndani ya siku 44, labda afe.

Nikamwambia aliwahi kuwepo mmoja, tena kijiji chake hakiko mbali na kwenu, ukifika Makutano unakata kona. Hakuniamini. Tukahesabu kwa vidole. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika inapata uhuru, Waziri Mkuu ni Julius Nyerere wa Butiama, umri miaka 39. Tarehe 22 Januari 1962 Nyerere anajiuzulu. Hesabu mwenyewe: siku 22 za Desemba baada ya ile ya uhuru, jumlisha 22 za Januari. Arobaini na nne kamili! Na cha kuchekesha zaidi, malkia alikuwa yuleyule mmoja. Elizabeth wa Pili aliyemteua Truss siku mbili kabla ya kufa ndiye aliyekuwa Malkia wa Tanganyika siku Nyerere anaondoka.

Ndiyo, Malkia wa Tanganyika. Wengi wetu tumemaliza kidato cha sita na historia tukapata A bila kuambiwa hili kwa lugha inayoeleweka. Mwaka mzima wa kwanza wa uhuru wetu hatukuwa jamhuri, tulikuwa ufalme. Bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu ilipanda, lakini mkuu wa nchi alikuwa malkia aliyeko London, na mwakilishi wake hapa alikuwa Gavana Mkuu Sir Richard Turnbull, yaani bwana yuleyule aliyekuwa gavana wa mkoloni siku moja kabla. Kofia ilibadilishwa jina, kichwa kikabaki. Kenya nao walipitia hapohapo, kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Zanzibar ndio kabisa, serikali ya Mohamed Shamte chini ya Sultani Jamshid ilidumu tangu tarehe 10 Desemba 1963 mpaka mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Kuwa mkweli, lazima niongeze kitu ili wanasheria wa blok ya pili wasinirukie. Nyerere hakuanza kazi siku ya uhuru. Alikuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960, kisha Waziri Mkuu tangu Mei 1961 tulipopata madaraka ya ndani. Kwa hiyo siku 44 ni za Waziri Mkuu wa nchi huru. Bado ni 44.

Sasa kilichoniudhi sio ubishi wenyewe. Kilichoniudhi ni kilichofuata. Dada mmoja wa Ruvuma aliyekuwa amekaa kimya akauliza, "Basi nchi ilibaki na nani?" Tukaangaliana. Watu wa Mara tulikuwa watatu pale, tunajua kila kitu cha Mwalimu, tunajua alisoma Mwisenge, tunajua Mwitongo alikozikwa, tunajua hadi alivyocheza bao. Ila swali dogo hilo lilitushinda kwa dakika nzima mpaka yule dada akajijibu mwenyewe: "Na Kawawa, ndugu zangu. Nchi ilibaki na Kawawa."

Rashidi Mfaume Kawawa, miaka 35, mtu wa kule Songea. Alishika nchi tangu tarehe 22 Januari hadi tarehe 9 Desemba 1962. Siku 321. Kwenye vitabu vyetu vya shule siku hizo zinapita kwa sentensi moja: Mwalimu alijiuzulu ili akaimarishe chama, Kawawa akashika nafasi yake, kisha tukawa jamhuri. Nukta. Utadhani Kawawa alikuwa amepewa funguo za nyumba amwagilie maua mpaka mwenyewe arudi.

Mimi nasema hapana. Nasema ile serikali fupi ya 1962 ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya nyumba tunayoishi mpaka leo, vyumba vizuri na vile vyenye popo darini. Na sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama tumechangia kuifuta, kwa sababu tunapenda hadithi iwe na mtu mmoja na mtu huyo awe wa kwetu.

Kwanza, huyu Kawawa alikuwa nani. Kabla ya siasa alikuwa karani wa serikali, na alicheza sinema! Miaka ya hamsini alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu. Waziri mkuu wetu wa pili alikuwa staa wa filamu, na hakuna anayekuambia. Kisha akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa 1955. Kwa hiyo alikuwa mtu wa migomo, wa kusimama mbele ya tajiri na kusema mshahara hautoshi. Hili likumbuke, nitalirudia.

Pili, kwa nini Mwalimu aliondoka. Hapa kuna kambi mbili. Moja ni ya vitabu vya shule: aliona TANU inalegea baada ya kupata ilichokuwa inakitafuta, wananchi wanadhani uhuru umemaliza kazi, akaamua kuacha ofisi arudi vijijini. Ya pili ni ya wale wanaopenda kunong'ona: alisukumwa. Wabunge na watu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamechoka kuona mawaziri wazungu, makatibu wazungu, na kasi ya kuwapa Waafrika vyeo ikiwa ya kobe. Oktoba 1961, kwenye mjadala wa sheria ya uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uangalie rangi ya mtu. Nyerere alikasirika, akawafananisha na akina Hitler, akasema wazi serikali yake itajiuzulu kama muswada hautapita. Ulipita. Lakini mtu aliyetishia kuondoka Oktoba na kuondoka kweli Januari, huwezi kusema mambo yalikuwa shwari.

Maoni yangu? Vyote viwili. Alisukumwa, halafu akageuza kusukumwa kukawa kuruka. Baraza jipya alilichagua yeye mwenyewe na kulitangaza yeye mwenyewe, na urais wa TANU hakuuachia. Mtu anayefukuzwa hapangi viti vya wanaobaki. Ila pia mtu aliyeridhika kabisa haachi uwaziri mkuu wiki sita baada ya uhuru. Wanaosema ilikuwa kujitolea tupu wanamfanya malaika, na wanaosema aling'olewa hawaelezi kwa nini miezi kumi baadaye alirudi bila mtu kumpinga ndani ya chama.

Alivyoitumia hiyo miezi ndiyo sehemu ninayoipenda. Alizunguka nchi. Aliandika. Aprili 1962 ikatoka ile makala yake ya Ujamaa, mwaka huohuo ikatoka Tujisahihishe, kijitabu kidogo kinachowasema viongozi na wanachama wa TANU wenyewe: majungu, woga wa kukosoana, kuweka nafsi mbele. Fikiria, chama kimeshika nchi miezi michache tu, na mwenyekiti wake anakaa chini kuandika kasoro zake hadharani. Nani leo atathubutu? Hata kwenye serikali yetu ya wanafunzi, mtu ukiuliza mapato na matumizi ya tamasha la mwaka wa kwanza unaambiwa unatumiwa.

Turudi ofisini kwa Kawawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka Waafrika kwenye viti. Sir Ernest Vasey, mzungu aliyekuwa Waziri wa Fedha, akaondoka, na hazina akapewa Paul Bomani. Sasa watu wa Musoma, Bomani mnamjua? Alizaliwa kwetu, Musoma, 1925, kabla hajawa mtu mkubwa wa Mwanza na wa vyama vya ushirika wa pamba. Yule aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa mpaka wakawa na ushirika wao mkubwa, na pamba ya Bunda ikapita mikononi mwa ushirika badala ya wachuuzi wa mizani za uongo, ndiye aliyekabidhiwa fedha za nchi akiwa na miaka 37. Kila nikishuka Mwigobero huwa najiuliza kwa nini hatumtaji Bomani hata robo ya tunavyomtaja Mwalimu.

Mikoani nako kulibadilika. Wale makamishna wa majimbo wa kikoloni wakaondolewa, wakaletwa wakuu wa mikoa na wa wilaya ambao ni watu wa siasa, wa TANU. Mantiki ya wakati ule naielewa kabisa. Huwezi kuwa huru halafu anayekuamrisha pale wilayani bado ni mzungu yuleyule wa kaptula. Watu walitaka kuona uhuru kwenye ofisi waliyoizoea kuiogopa. Sawa. Lakini angalia mti ulivyokua. Mkuu wa wilaya akawa serikali na chama katika mtu mmoja, na tulipoingia vyama vingi 1992 kiti kilibaki vilevile. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 ikampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sote tumeshaona viongozi wa wilaya wakiutumia uwezo huo kwa mwalimu aliyechelewa kazini au daktari aliyejibu vibaya mkutanoni. Mzizi wa cheo hicho uko 1962.

Halafu machifu. Hapa watu wa Butiama mnisikilize vizuri maana linawahusu. Baba yake Mwalimu, Burito Nyerere, aliwekwa kuwa mtemi wa Wazanaki wakati wa Mjerumani, 1915. Alipofariki 1942 alirithiwa na mwanawe Edward Wanzagi, yaani kaka yake Mwalimu. Mipango ya kuufuta utemi ikaiva katika kipindi kile cha mpito, na 1963 sheria ya machifu ikafutwa rasmi nchi nzima. Kwa hiyo mdogo mtu alipokuwa anaingia Ikulu, mkubwa mtu alikuwa anavuliwa utemi. Na sijasikia kwamba familia ile iliandamana.

Nimewahi kusikia wazee wa kwetu wakisema machifu walifutwa kwa wivu. Sikubaliani nao. Mkoani kwetu, tofauti na kwa Wahaya au Wasukuma, chifu mwenye kiti na karani wa kodi alikuwa kwa sehemu kubwa kitu cha mkoloni. Wajerumani walihitaji mtu mmoja wa kumpa amri na wa kumdai kodi, wakamtafuta. Sisi tulikuwa na wazee, rika na waganga wa mvua. Kwa hiyo kumfuta chifu Butiama hakukuwa kuua mila ya miaka elfu. Waliopoteza zaidi ni wenzetu wa Unyanyembe na Uhehe, ingawa nao hawakutupwa wote, maana Adam Sapi Mkwawa alishakuwa Spika wa Bunge mwishoni mwa 1962.

Kuhusu ardhi sitakaa sana. Serikali ya 1962 iliamua kuwa ardhi isiuzwe kama nyanya, hatimiliki za milele za walowezi zigeuzwe ziwe za kupangishwa na serikali, sheria ikakamilika 1963. Ukienda nchi jirani ukaona watu wanavyouana kwa mashamba, utasema asante. Ukienda ofisi ya ardhi kufuatilia kiwanja chako utasema mengine.

Sasa ile sehemu niliyosema nitairudia. Kawawa, mtu wa migomo, alipokaa kwenye kiti alifanya nini na migomo? Aliibana. Katikati ya 1962 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa mkupuo: moja ya vyama vya wafanyakazi, moja ya kusuluhisha migogoro kazini, na moja ya watumishi wa serikali. Ukizijumlisha, mgomo halali ukawa kitu cha kutafuta kwa tochi. Mgogoro lazima upitie kwa msuluhishi, kisha baraza, na uamuzi ukitoka umetoka. Watumishi wa ngazi za juu wakakatazwa hata kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi.

Wenzake wa zamani hawakuamini macho. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alikuwa amepelekwa London kuwa balozi wetu. Wengine husema alipelekwa mbali ili apoe. Hakupoa. Aliacha ubalozi mwaka huohuo, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 aliwekwa kizuizini, TFL yenyewe ikavunjwa, ikazaliwa NUTA iliyokuwa mfukoni mwa serikali.

Na sheria iliyowezesha watu kuwekwa kizuizini ni ipi? Ilipitishwa Septemba 1962. Serikali hiyohiyo, Waziri Mkuu huyohuyo. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Ilitetewa kwa hoja ambazo ukizisoma haraka unakubali: nchi changa, polisi wachache, maadui wengi, Kongo inaungua ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Lumumba ameuawa Januari 1961. Ndugu zangu, hofu ile ilikuwa ya kweli, tusiwacheke. Lakini Kongo ilitulia na kuwaka tena mara ngapi, na sheria ikabaki. Miaka 30 baadaye, 1992, Tume ya Jaji Nyalali iliitaja miongoni mwa sheria 40 mbaya za kufutwa au kurekebishwa.

Hapa ndipo mshkaji wa Bunda aliponikatisha na kusema, "Kwa hiyo lawama zote unampa Kawawa, sifa zote unampa Mwalimu?" Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya nikeshe naandika haya badala ya kusoma kwa ajili ya sapu (ndiyo, nina sapu, msiulize).

Hapana. Ninachokataa ni ule mgawanyo wa kazi ambao historia yetu imeuzoea: Mwalimu ndiye mawazo, Kawawa ndiye mijeledi. Wanasema Simba wa Vita, wanasema yeye ndiye aliyekuwa mkali, Mwalimu alikuwa mpole. Inamfaa nani hadithi hiyo? Inamfaa Mwalimu. Sheria ya kizuizini ilipitishwa Kawawa akiwa Waziri Mkuu, lakini aliyekuja kuwa Rais chini yake na kuzitia saini amri za kizuizini kwa zaidi ya miaka ishirini ni mtu wa Butiama. Sheria za migomo ni za 1962, ila aliyezitumia na kuzikaza 1964 ni serikali ya Mwalimu. Mtu akikuachia panga kabatini, wewe ukaendelea kulinoa na kulitumia, usiseme panga la mwenzangu.

Na kwa upande wa sifa, hivyohivyo. Katiba ya jamhuri haikuandikwa vijijini Mwalimu alipokuwa anazunguka. Mapendekezo yake yalitolewa na serikali ya Kawawa katikati ya 1962, yakapita Bungeni, na tarehe 1 Novemba watu wakapiga kura ya rais. Nyerere dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Serikali ile iliandaa mapinduzi ya amani ya kumwondoa malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, bila risasi, bila mtu kuvunjiwa duka, ndani ya miezi kumi. Kisha tarehe 9 Desemba 1962 Kawawa akafanya kitu ambacho nataka tukiangalie kwa macho mawili: akakifuta kiti chake mwenyewe. Jamhuri mpya haikuwa na Waziri Mkuu. Cheo alichokalia kikatoweka, yeye akawa Makamu wa Rais. Kiti hicho hakikurudi mpaka 1972, na aliyerudishiwa ni yeye.

Tunamsifu Mwalimu kwa kung'atuka 1985, na ni haki yake. Lakini mtu aliyeshika serikali nzima akiwa na miaka 35, ana jina kubwa, ana vyama vya wafanyakazi nyuma yake, halafu anairudisha bila kuweka mguu mlangoni, huyo kwa nini hatufundishwi habari zake? Barabara ya Kawawa pale Dar watu wanaipita kila siku, Magomeni, Kinondoni, na daladala zimejaa. Waulize abiria wakwambie mwenye jina alifanya nini 1962.

Ila kuna jambo moja kwenye katiba ile linalonisumbua kuliko yote. Serikali ya Waziri Mkuu, pamoja na ubaya wa kuwa na malkia juu yake, ilikuwa na kitu kimoja: Waziri Mkuu anaweza kuondoka. Bunge likimchoka anaondoka, chama kikimchoka anaondoka, akijichoka anaondoka, kama tulivyoona Januari. Tulipomtoa malkia tuliunganisha heshima yake na kazi za Waziri Mkuu, tukampa mtu mmoja vyote, na tukampa kwa sababu tulimjua ni nani. Mavazi yalishonwa kwa kipimo cha mtu wa Butiama. Waliofuata wameyavaa hivyohivyo, hata kama mikono inaburuta.

Na mtu aliyejaribu kuyapunguza ametoka wapi? Bunda! Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa 1985 hadi 1990, mtu wa Ikizu. Tume yake ilikabidhi rasimu ya pili ya katiba Desemba 2013, na ndani yake madaraka ya rais yalikuwa yamepunguzwa, uteuzi wake unapitia mikono mingine, mbunge asiwe waziri. Bunge Maalum la 2014 likayachuja likabakiza lililotaka. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Nilimwambia mshkaji wangu: madaraka makubwa ya urais yalianza na mtu wa Butiama, hoja ya kuyapunguza ikaja na mtu wa Bunda, na katikati ni mwendo wa basi usiomaliza soda. Akacheka, ila alinielewa.

Kuna watakaosema ninamvunjia heshima Baba wa Taifa. Hasa wajomba zangu wa Nyasho, nawajua, wataniita mezani likizo. Nitawajibu kwa adabu, shikamoo kwanza, kisha nitawauliza wamesoma Tujisahihishe? Maana aliyeandika kijitabu kile mwaka uleule wa 1962 hakutaka kufugwa kama sanamu. Makumbusho yake pale Butiama ni mazuri, nimeyatembelea mara mbili, na kila mwanafunzi wa Mara apaswa kufika. Ila ukitoka pale usidhani umetembelea historia yote ya nchi. Umetembelea nyumba moja.

Nina ombi moja tu. Likizo inakuja, kila mtu anarudi kwao. Watu waliokuwa na akili timamu mwaka 1962 wana zaidi ya miaka themanini sasa, na wamebaki wachache. Wewe wa Bunda, wewe wa Butiama, na hasa wewe dada wa Ruvuma, mkae na mzee mmoja mmoja mumuulize: siku waliposikia Nyerere ameacha kazi, walidhani nini? Na Kawawa walimwonaje? Mkishindwa yote, muulizeni alikuwa anaimbiwa nini mkutanoni. Andikeni hata kwenye karatasi ya sigara. Mimi naanza na bibi yangu wa Musoma, aliyekuwa na miaka kumi na sita mwaka ule na anakumbuka bei ya sukari ya kila mwaka isipokuwa huu.